Mwaka wa Disketi za Ufunguo

Tulimzika Masanja siku ya Jumamosi, na baada ya chakula binti yake Limi akanivuta pembeni mwa turubai akaniuliza swali ambalo nilidhani lilikwisha kufa miaka mingi kabla ya baba yake. Limi anatengeneza programu za simu. Anayo moja ya wenye maduka ya pembejeo: unaandika jina la zao na dalili za ugonjwa, nayo inakuonyesha dawa na kipimo chake. "Shangazi," akasema, "kuna wanaonishauri niiweke kwenye lile duka la kwenye simu, kila mtu aipakue. Wengine wanasema niwapelekee wenye maduka mmoja mmoja, kila mtu na ya kwake. Baba aliniambia nikikwama nikuulize wewe. Alisema mambo ya kupeleka programu kwa wateja unayajua kuliko yeye." Nilikuwa na wali mdomoni. Nilimwambia asubiri nimalize kula, na nikala taratibu kuliko nilivyowahi kula maishani, kwa sababu huo ulikuwa uongo wa Masanja, na ulikuwa uongo wa kunipendelea. Masanja alijua vizuri kabisa ninachokijua kuhusu jambo hilo. Alikuwepo nilipojifunza, na yeye ndiye aliyelipa karo.

Ulikuwa mwaka mmoja katika miaka ya tisini, ule wa mvua kubwa zilizokata barabara kila upande. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha kompyuta kutoka Dar es Salaam, na cheti hicho kilikuwa kimenipanda kichwani. Nilipata kazi Shinyanga mjini kwa Bwana Harish, mfanyabiashara wa vifaa vya ofisi aliyezaliwa pale pale na aliyezungumza Kisukuma kunizidi mimi Msukuma. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma ya duka, dirisha moja likitazama ua ambako mama yake mzazi alikuwa akianika pilipili kwenye ungo. Saa saba kamili bibi huyo alituteremshia dengu, chapati na achari ya embe, kila siku ya Mungu, na kwa kuwa hapakuruhusiwa nyama kuingia nyumba ile, Masanja alikula chapati zake kwa heshima zote, akanawa, kisha akavuka barabara kwenda kula nyama kwa mama ntilie. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Masanja alinizidi miaka sita, alikuwa mwembamba, alivaa kandambili mpaka mbele ya wateja, na ndiye aliyekuwa ameandika programu ambayo mimi niliajiriwa kuisambaza. Nilimwita Kaka Masanja. Yeye aliniita Mtaalamu, na ilinichukua miezi kugundua kwamba ananitania.

Programu yenyewe niieleze kwa ufupi. Mnunuzi wa dhahabu kule machimboni anapima dhahabu mara mbili, mara ya kwanza juu ya mizani kavu, mara ya pili ikiwa imening'inizwa ndani ya maji. Kutokana na tofauti ya uzito huo unajua imechanganyika kiasi gani na madini mengine, yaani ina usafi gani. Kugawanya namba hizo mtu yeyote aliyemaliza la saba anaweza. Kilicho kigumu ni kujua jibu lina maana gani, kwa sababu dhahabu ya kilima kimoja imechanganyika na fedha, ya kilima cha pili ina shaba, na namba ile ile ya majini haimaanishi usafi ule ule. Masanja alikuwa ametumia miaka miwili kuzunguka machimbo ya Kahama na Geita na mizani yake ndani ya kiboksi cha viatu, akiomba apimiwe vipande, akivifuatilia mpaka vinakoyeyushwa, akiandika. Alitoka na jedwali la kila kambi. Hilo jedwali ndilo lilikuwa moyo wa programu. Mnunuzi aliandika namba mbili, akachagua kambi, na kioo kikatoa usafi kwa herufi kubwa. Wanunuzi wenye uwezo walikuwa wameanza kununua kompyuta za kupakata zilizotumika, nyingine kutoka kwa Bwana Harish mwenyewe, na jenereta hazikukosekana kambini. Kilichobaki ni kuifikisha kwao.

Ukuta kati ya ofisi na duka ulikuwa wa mbao nyembamba, na kilichosemwa dukani tulikisikia sote. Mwezi wa tatu hivi nilimsikia Bwana Harish akizungumza kwa simu na mwenye duka mmoja wa Mwanza. "Wateja ishirini mpaka Krismasi," alisema. "Ishirini, bana, siyo wawili. Ikishindikana namrudishia kijana vyeti vyake, akatafute pengine. Miaka miwili namlisha, sasa inatosha." Nilimwangalia Masanja. Alikuwa akikaza skrubu za kibodi, na hakuinua kichwa. Alisema tu, "Ishirini siyo wengi," kama anayeongea na skrubu. Mkewe alikuwa mjamzito. Mtoto ambaye hakuwa amezaliwa bado ndiye huyu Limi.

Njia zilikuwa tatu, na tulizijadili kwa wiki nzima juu ya dengu. Bwana Harish alitaka disketi zipelekwe Mwanza, ziwekwe kwenye kabati la kioo, anayetaka anunue. Masanja alisema ikiwekwa kabatini atanunua mmoja na kuwanakilishia ishirini, kwa sababu disketi kunakili ni dakika moja. Yeye alitaka kila mteja atengenezewe yake: jina la mteja juu ya kioo, jedwali la kambi yake tu ndani, na tuwapelekee wenyewe, tukae nao. "Hakuna mtu atakayemgawia mshindani wake kitu chenye jina lake mwenyewe," alisema. "Na hata akimgawia, jedwali ni la kambi nyingine, halimsaidii." Ilikuwa fikra nzuri. Leo naona ilikuwa fikra nzuri kuliko zote. Lakini kila moja ingemchukua siku kadhaa, na mimi nilikuwa na ya kwangu niliyotoka nayo kozini Dar. Niliiita disketi ya ufunguo. Programu inawekwa kwenye kompyuta, lakini haifunguki mpaka uchomeke disketi yake maalumu, isiyonakilika. Ukiwa nayo unafanya kazi, ukiwa huna unatazama kioo cheusi. Niliieleza kwa maneno mengi ya Kiingereza, ambayo sitayarudia hapa kwa aibu. Masanja aliuliza swali moja tu: "Na disketi ikiharibika?" Nikasema disketi haiharibiki ikitunzwa.

Bwana Harish alimeza kipande cha chapati akanigeukia. "Wewe ndiye utakayewaona hao watu. Chagua." Sijui kwa nini alinipa mimi uamuzi ule. Pengine alipenda nilivyojiamini, pengine alitaka tu tumalize kula. Nilichagua ya kwangu. Masanja aliinuka, akanawa mikono, akavuka barabara kwenda kwenye nyama yake, na aliporudi alikaa chini akaniandikia ufunguo wangu vizuri kuliko nilivyokuwa nimeufikiria. Hakununa hata siku moja.

Karatasi ya maelekezo niliiandika mimi. Ilikuwa na vipengele sita, na cha tano nilikionea fahari: "Tunza disketi hii pamoja na vitu vyako vya thamani." Nilikiona kina heshima. Nilikipiga mstari chini.

Nikaanza safari. Mvua zilikuwa zimeanza kuharibu njia na mara nyingi nilipanda malori ya mizigo, kwa sababu lori likikwama walau lina watu wa kulisukuma. Kufikia katikati ya mwaka tulikuwa na wateja kumi na mmoja. Mmoja alikuwa Maganzo, mtu wa almasi aliyeanza kuingia kwenye dhahabu. Wawili Kahama. Mmoja Chato, ambaye alikuwa na samaki wakavu upande mmoja wa kaunta na mizani ya dhahabu upande wa pili, hivyo kompyuta yake ilinuka dagaa. Waliobaki walitapakaa Geita. Wa kumi na moja alikuwa Mama Kulwa, katika kambi moja magharibi ya Geita ambayo leo haipo tena, yamebaki mashimo na miti ya mikaratusi.

Mama Kulwa alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye sauti ndogo, na ndiye mwanamke pekee aliyenunua dhahabu pale. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbao na bati, mlango mpana unaotazama njia ya kwenda kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji. Ndani palikuwa na meza moja, mizani, kikombe cha maji, na kopo la bati la maziwa ya unga lenye kifuniko, ambamo aliweka dhahabu ya siku na vikorokoro vyake vya kazi. Nilipomwamkia alijibu, "Marahaba, mwanangu, umekula?" na kabla sijafungua begi nilikuwa nimewekewa ugali wa muhogo na mlenda wenye karanga. Nikiwa nakula aliingia mchimbaji na kipande chake kimefungwa kwenye karatasi ya sigara. Mama Kulwa alipima, akaandika namba zake kwenye kompyuta niliyomwekea muda mfupi uliopita, kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa mnunuzi mwingine yeyote. Aliigeuza kompyuta kioo kimtazame mchimbaji. "Soma mwenyewe," alimwambia. Yule bwana alisoma kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Wabeja, mayu," yaani asante, mama, akaondoka ametabasamu. Ndani ya mwezi mmoja, wanaotoka maduara ya mbali walikuwa wakiwapita wanunuzi watatu njiani kumfikia yeye, kwa sababu ya kule kugeuza kioo tu.

Kikaratasi cha kwanza kililetwa na dereva wa basi mwezi wa nane. Kilitoka Kahama, kimeandikwa: "Imegoma. Njoo." Cha pili kilitoka Chato. Ndani ya wiki tatu walikuwa watano. Disketi zilizorudishwa Masanja alizichunguza moja moja na zote zilikuwa tupu kabisa, kana kwamba hazijawahi kuandikwa kitu. Alifikiria joto, nikafikiria unyevu, tukazitengeneza upya tukazituma kwa mabasi, na baada ya siku kumi zilirudi tupu vile vile. Wateja wapya walikuwa hawapatikani tena, maana habari mbaya haikuhitaji lori. Upande wa pili wa ukuta Bwana Harish aliacha kutuita kwa majina. Kisha ikaja barua ya Mama Kulwa, mteja wa sita, kwa mwandiko wa mtu aliyemwomba amwandikie: "Mwanangu Kabula, mashine yako imezima siku ya nne leo. Napima kwa mkono kama zamani. Watu wanasema nimeizima makusudi ili niwaibie. Jana mmoja ametema mate mlangoni kwangu. Njoo uwaambie."

Niliondoka alfajiri na disketi mpya mfukoni mwa koti, nikafika kesho yake saa nne asubuhi, matope mpaka magotini. Nje ya mlango wake walikuwa wamesimama wachimbaji kama thelathini, hawapigi kelele, wamesimama tu, na hiyo ilinitisha zaidi. Mama Kulwa alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, amevaa khanga mbili na uso uliochoka. Nilimuomba disketi. Alifungua lile kopo la bati, akatoa dhahabu kidogo iliyofungwa kwenye nailoni, akatoa kibano, kisha akatoa disketi yangu, na imeng'ang'ania upande wake wa chini, kwenye kile kibati cha katikati, ilikuwa sumaku nyeusi ya kutoka kwenye spika kuukuu. Alibandua sumaku kwa kidole akanipa disketi.

Msomaji asiyejua kazi hii nimweleze. Dhahabu ya unga inapooshwa hubaki na mchanga mweusi wa chuma, na kila mnunuzi ana sumaku ya kuupitisha juu yake ili chuma kiondoke. Sumaku inafanya kazi na dhahabu, basi inakaa na dhahabu. Na sumaku ndiyo adui wa kwanza wa disketi, hata mtoto wa kozi ya wiki moja anafundishwa hilo siku ya kwanza. Nilikuwa nimewaandikia watu kumi na mmoja waitunze pamoja na vitu vyao vya thamani, na sita kati yao, watu waaminifu, walikuwa wametii. Niliona ile sumaku mezani siku ya kwanza nikila mlenda. Niliiona kwa macho yangu na haikuniambia kitu.

"Mama Kulwa," nikasema, "kosa ni langu."

"Mimi najua siyo langu," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Lakini mimi nikiwaambia watasema najitetea. Waambie wewe."

Nilisimama mlangoni nikawaambia. Nilichanganya Kiswahili na Kisukuma, nikaonyesha disketi, nikaonyesha sumaku, nikasema mama huyu hakuzima kitu, mimi ndiye niliyekosea. Walisikiliza. Kisha mzee mmoja mwenye duara, mwenye jicho moja, akauliza kwa upole kabisa: "Sawa, binti, leo imezima kwa sumaku. Siku ilizokuwa inawaka, sisi tutajuaje ilikuwa inasema kweli? Hicho kioo aliyekiandika si wewe? Na umesema wewe unakosea."

Nilikuwa na disketi mpya mfukoni, ningeweza kuichomeka, kioo kingewaka, na nisingekuwa nimejibu chochote. Niligeuka nikamwona Mama Kulwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtu mzima ni kitu kigumu kukitazama ukijua umeileta wewe. Katika begi langu nilikuwa na karatasi ya majaribio, jedwali lenye mistari arubaini ambalo Masanja alinipa la kuhakikishia kama programu inatoa majibu sahihi. Aliponipa alisema, "Hii usimwonyeshe mtu, Mtaalamu. Hii ndiyo duka lenyewe." Niliokota kaa kwenye jiko la Mama Kulwa, nikafunga ubao wa mlango, na nikaanza kuandika juu yake mistari yote arubaini, kubwa kubwa, nikieleza kila hatua. Pima kavu, pima majini, toa, gawanya, tafuta namba yako hapa, usafi wako ni huu. Yule mzee alileta kipande chake mwenyewe tukapima, akagawanya kwa kijiti chini kwenye udongo, akaja kusoma mlangoni. Akarudia. Mpaka saa saba watu walikuwa wanapimiana wao kwa wao, na Mama Kulwa alikuwa anacheka, na nilijiona shujaa. Nasema ukweli. Nilirudi Shinyanga juu ya lori la mahindi nikijiona shujaa njia nzima.

Masanja nilimkuta peke yake ofisini. Nilimwambia yote bila kuficha, maana bado nilikuwa nimelewa sifa zangu. Nilitegemea aniulize nimewezaje kugawa kazi yake ya miaka miwili mlangoni mwa mtu. Aliuliza, "Karatasi gani uliyowaandikia? Ile ya majaribio?" Nikasema ndiyo. Akashika kichwa. "Ile ni ya Kahama, Kabula." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. "Ya Kahama ina fedha. Ya kwao ina shaba. Kwa jedwali hilo wanajisomea chini ya usafi wanaostahili. Unawapunja watu, na huyo mama anawapunja bila kujua, tena sasa hivi tunavyoongea." Aliinuka, akatoa daftari lake kwenye droo. "Akigundulika, huyo mama watamtoa roho. Twende."

Tulikwenda wote wawili, tukamuaga Bwana Harish kwa kumwambia tunafuata disketi mbovu. Njiani mto ulikuwa umejaa, tulilala kwenye kibanda cha muuza chai tukisubiri upungue, na Masanja aliniuliza tu kama mtoto akiwa wa kike nadhani jina la Limi ni zuri. Tulipofika aliwakusanya watu, akawaambia jedwali la mwanzo lilikuwa la mahali pengine na kwamba Mama Kulwa hakujua. Alichukua kitambaa chenye maji akafuta mlango wote, mwandiko wangu ukatiririka mweusi mpaka kizingitini. Kisha akaandika upya kwa rangi nyeupe ya mafuta aliyoinunua Geita kwa hela yake, kwa brashi, polepole, mistari arubaini ya kambi ile. Alikuwa na namna yake ya kuandika saba, aliikata katikati kwa mstari mrefu uliopinda. Wale waliopimiwa siku za katikati Mama Kulwa aliwaita mmoja mmoja, akawapimia tena na kuwaongezea palipopungua. Tulikula kwake samaki wa kukaanga, na Masanja alikula kwa raha kama mtu aliyemaliza shamba lake.

Pale kambini palikuwa na mpiga picha, kama ilivyokuwa kila kambi siku zile, aliyewapiga wachimbaji picha za kuwapelekea wake zao na kwenda kuzisafisha Mwanza. Alitupita tukila, akaona kundi la watu mlangoni, akapiga picha ya mlango. Kisha, akiwa mfanyabiashara kuliko sisi sote, akasafisha nakala tele. Baada ya mwezi mmoja picha ya mlango wa Mama Kulwa ilikuwa kwenye mifuko ya mashati machimbo hadi machimbo, na hata wa kambi nyingine wakawa wanawauliza wanunuzi wao: yetu iko wapi? Wateja wetu watano waliobaki walirudisha disketi. Kwa nini mtu asumbuke na kioo wakati watu wanataka kuona mlango?

Bwana Harish aliiweka picha hiyo mezani kwetu asubuhi moja mwezi wa kumi na moja, katikati ya vikombe vya chai. Hakupaza sauti. Aliweka kidole chake juu ya namba moja. "Hii saba ya nani?"

"Yangu," Masanja akasema.

"Na nani aliyeanza kuwapa watu hesabu?"

Kulikuwa na nafasi pale. Nimeipima mara nyingi tangu siku hiyo, na ilikuwa kubwa, ingetosha mtu kuvuta pumzi, kuweka kikombe chini na kusema mimi. Upande wa uani bibi alikuwa anapepeta pilipili, nasikia ungo. Nilikuwa na kazi yangu ya kwanza maishani. Nilitazama kikombe.

"Mimi," Masanja akasema.

Alipewa vyeti vyake siku hiyo hiyo, mwezi mmoja kabla ya Krismasi, na Limi akiwa na wiki tatu. Mimi nilibaki kwa Bwana Harish miaka minane, nikapandishwa nikawa msimamizi wa ofisi, na kila saa saba nilikula dengu peke yangu. Masanja alihamia Mwanza akafungua kibanda cha kutengeneza redio, baadaye simu. Tulikuwa tukionana misibani na harusini. Aliniita Mtaalamu, akaniuliza habari za watoto, akacheka. Kila mara nilijiambia nitamwambia leo, na kila mara kulikuwa na watu wengi, au kulikuwa na watu wachache mno. Alipoanza kuugua nilimtumia matunda.

Basi nilimaliza wali wangu, nikamwita Limi. Nikamwambia kuhusu programu yake nisingeweza kumchagulia, lakini asiamue kitu akiwa ofisini. Aende akakae kwenye hayo maduka ya pembejeo siku nzima, mengi iwezekanavyo, atazame simu ya mwenye duka inakaa wapi, mikono yake ina dawa gani, nani mwingine anaishika, wakulima wanasimama wapi na wanaona nini. Aandike na vile visivyomhusu. Alinishukuru, akaanza kuinuka. Nikamwambia akae, sijamaliza. Nikamweleza ya mlango, ya picha, ya vikombe vya chai. Nilimwambia neno kwa neno alichoulizwa baba yake na alichojibu, na mimi nilikuwa wapi.

Limi aliviringisha ncha ya khanga yake kwenye kidole. Nilikuwa tayari kwa lolote, na kwa kweli nilitamani anitukane.

"Baba hakutuambia hayo," alisema mwishowe. "Tulikuwa tukimuuliza kwa nini aliacha kazi nzuri Shinyanga. Alisema maji ya kule yalikuwa yanamharibu meno."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wakwe zake Limi na watu wa kwaya, kwa sauti ambayo sikuitoa hata kaburini. Miaka yote ile alinifichia, mpaka kwa watoto wake. Na Masanja alikufa na meno yake yote thelathini na mawili.